Simile Korongoni: Jinsi ya Kutembea Katika Njia Inayotumiwa Pia na Waendesha Baiskeli

Mtu aliyekulia Mombasa amejifunza kupishana kabla hajajifunza kusoma. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, ambamo watu wawili wakikutana hapana budi mmoja wao ageuze bega ukutani, hamali mwenye mkokoteni alikuwa akipaza sauti, "Simile! Simile!", na kila aliyesikia alijua la kufanya: anasimama, anajibana upande mmoja, anamwacha apite na mzigo wake, kisha anaendelea na safari yake. Adabu hiyohiyo ndiyo inayotakiwa katika njia za makorongo makavu ambazo watembea kwa miguu huzitumia pamoja na waendesha baiskeli, na inasikitisha kuona jinsi wengi wetu tunavyoiacha nyumbani pindi tunapovaa viatu vya safari.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wenzangu wa Mombasa wanaopanga kwenda Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mbuga hiyo iliyoanzishwa mwaka 1984, yenye ukubwa wa takriban kilomita 68 za mraba, ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli bila kuwa ndani ya gari. Korongo lake, Ol Njorowa, lilichimbwa na maji yaliyokuwa yakitoka katika ziwa kubwa la kale, kubwa kuliko Ziwa Naivasha la leo. Si jangwa kamili, lakini kwa mtu wa pwani ni kame vya kutosha: vumbi jeupe, vichaka vya leleshwa, kuta za mawe mekundu pande zote mbili, na kivuli cha nadra. Kutoka lango la Elsa hadi mahali pa mapumziko palipo juu ya korongo ni mwendo wa takriban kilomita 8, na katika kilomita hizo ndimo wenye miguu, wenye baiskeli na hata wenye magari wanamotumia njia moja. Baiskeli huachwa juu. Korongoni hushukwa kwa miguu pamoja na mwongozaji. Kwa hiyo kupishana kwenyewe hutokea wakati wa kwenda, kila mtu akiwa na haraka ya kufika, na wakati wa kurudi, kila mtu akiwa amechoka.

Kabla ya kuondoka Mombasa

Treni kutoka Miritini hadi Nairobi huchukua takriban saa 5 hadi 6, na kutoka Nairobi hadi Naivasha kuna kilomita 90 hivi ambazo matatu huzimaliza bila shida. Usijaribu kufanya yote kwa siku moja. Lala Naivasha, kisha uwe langoni saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu saa mbili za mwanzo ndizo zenye ubaridi na ndizo zenye baiskeli chache. Malipo ya kuingia hufanywa kwa njia ya mtandao, kwa hiyo yamalize ungali na intaneti nzuri. Vilevile uliza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, ni sehemu zipi za korongo zilizo wazi wakati huo, maana hufungwa mara kwa mara kwa ajili ya mvua na usalama.

Mwili wa mtu wa pwani unahitaji maandalizi mawili. La kwanza ni urefu wa mahali. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, ndiyo maana mtu anayepanda ngazi za nyumbani bila kuhema hujikuta akihema kwenye kilima kidogo. Siku ya kwanza nenda polepole. La pili, ambalo huwadanganya wengi, ni jasho. Huku kwetu jasho hutiririka mpaka shati likagandamana na mgongo, na mtu anajua kwamba amepoteza maji. Kule hewa ni kavu, jasho hukauka mara tu linapotoka, na unaweza kutembea saa tatu ukijiona hujatoka jasho kabisa ilhali ngozi imebaki na chumvi nyeupe. Usingoje kiu. Kunywa takriban nusu lita kwa kila saa ya mwendo, na ongeza jua linapopanda, lakini usinywe maji matupu kupita kiasi bila kula kitu chenye chumvi, kwa kuwa chumvi ya damu ikishuka mno nayo ni hatari. Kachri (vile vipande vyembamba vya kukaanga vyenye chumvi), tende na ndizi zinatosha kabisa; pilau ya jana iliyoshinda ndani ya mkoba wenye joto iache nyumbani.

Anayetaka mazoezi ya karibu na nyumbani aende Marafa, nyuma ya Malindi, ambako kuna korongo la mchanga ulioshikamana ambalo Wagiriama huliita Nyari. Hakuna haja ya kungoja baiskeli huko ili kujifunza jambo muhimu, yaani kutembea mstari mmoja katika njia nyembamba, katika joto linalorudishwa na kuta za udongo. Nenda alfajiri au jua likielekea kutua, tembea na kijana wa kijijini anayezijua njia, na usikanyage kingo: udongo ule ni laini na humeguka.

Kuhusu mavazi nina neno moja tu kwa akina mama na dada zetu. Baibui pana, deraa au leso iliyoachwa ikipepea ni hatari baiskeli inapopita karibu, kwa kuwa upindo ukinaswa na mnyororo au nyaya za gurudumu huwaangusha wote wawili. Vaa suruali ndani, pindo lifupishwe au lifungwe, na mtandio uchomekwe pini. Leso yenyewe usiiache: ile ya rangi ya machungwa au nyekundu ukiifunga nyuma ya mkoba huonekana kwa mbali katika nchi ambayo kila kitu kina rangi ya vumbi, ikiloweshwa maji hupoza shingo, na mtu akijeruhiwa hufungia mkono.

Siku neno "kushoto" lilipotuangusha

Naomba nieleze tukio moja, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi ya maelezo yote niliyowahi kupewa. Tulikuwa watu kumi na mmoja, tumetawanyika njia nzima kama watu waendao harusini, tukizungumza. Nyuma yetu kijana mmoja akaja na baiskeli kwa kasi, akapaza sauti, "Kushoto!" Alikuwa na nia njema. Lakini alimaanisha nini? Kwamba yeye anapita kushoto, au kwamba sisi twende kushoto? Watano wetu wakaruka kushoto, wengine wakaruka kulia, na binti mdogo wa mwenzetu akabaki katikati akiwa hajui amfuate nani. Yule kijana alifunga breki ya mbele peke yake, gurudumu likateleza kwenye changarawe, akaenda chini kwa viganja. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini ngozi ya viganja vyote viwili ilichubuka, na changarawe ndogo nyeusi zilikuwa zimeingia chini ya ngozi kama mbegu za pilipili manga. Tulizitoa moja moja kwa maji ya chupa na kitambaa, naye akisaga meno bila kusema neno.

Kosa lilikuwa letu zaidi kuliko lake. Tangu siku hiyo, kila kundi ninalotembea nalo hukubaliana juu ya maneno kabla ya kuvuka lango. Anayependa kupita aseme kitenzi, si upande peke yake: "Napita kulia kwenu!" Hapo hakuna wa kukosea. Nasi tukishajipanga tunajibu kwa sauti, "Pita!" Asiyesikia "Pita" ajue kwamba bado hatujawa tayari na apunguze mwendo. Bila shaka huwezi kumfundisha kila mwendesha baiskeli utakayekutana naye, lakini unaweza kumwuliza, "Unapita wapi?", na swali hilo hulifanya jambo liwe wazi mara moja. Wale waliozoea watakuambia pia idadi ya walio nyuma yao, "Bado wawili", na wewe usirudi njiani mpaka umewahesabu wote wawili.

Kupishana kwenyewe

Kanuni inayokubalika katika nchi nyingi ni kwamba mwenye baiskeli humpisha mwenye miguu, na anayeshuka humpisha anayepanda. Ifahamu, lakini usiitegemee kama ukuta. Wengi wa waendesha baiskeli utakaowakuta Hell's Gate si mabingwa. Ni wanafunzi, wachumba na wazazi na watoto wao waliokodi baiskeli asubuhi hiyohiyo kando ya barabara, pengine hawajapanda baiskeli kwa miaka, na hawajui breki ya kushoto inashika gurudumu lipi. Baiskeli inayokwenda kilomita 25 kwa saa hukata takriban mita 7 kila sekunde. Kabla mwendeshaji hajashtuka na kushika breki, mita hizo 7 zimeshapita, na juu ya mchanga au changarawe itahitaji nyingine kama hizo, au zaidi, ili isimame. Mwenye haki ya njia na mwenye breki mbovu wakigongana, haki haizuii mfupa kuvunjika.

Basi tembeeni mstari mmoja, wote upande mmoja wa njia, na upande huo uchaguliwe mapema na ubadilishwe tu kwa agizo la anayeongoza. Mbele awe mtu mwenye macho makali na nyuma awe mtu mwenye sauti. Huyu wa nyuma sisi humwita mkia. Mkia akisikia baiskeli anasema, "Baiskeli nyuma!", na neno hilo linarudiwa na kila mtu mpaka lifike mbele, kama ndoo za maji zinavyopitishwa mkono kwa mkono nyumba inapoungua. Watoto wawe upande wa ndani, mbali na njia, wameshikwa mkono, si kuambiwa tu "njoo huku".

Ukisikia neno hilo, simama kwanza. Usianze kwa kuruka. Piga hatua moja ya kando, geuza uso umtazame anayekuja, ingiza fimbo ya kutembelea karibu na mguu wako ncha ikiwa chini, na utulie. Mwendesha baiskeli anaweza kumpita mtu aliyetulia hata pakiwa na nafasi ndogo. Asichoweza ni kubahatisha mtu anayeyumbayumba atakwenda wapi. Kundi zima lisimame upande uleule. Kundi lililogawanyika pande mbili humlazimisha apite katikati, na daima atakuwepo mtu mmoja ambaye dakika ya mwisho ataamua kumfuata mwenzake ng'ambo.

Masikio yanahitaji maelezo ya pekee. Tairi juu ya mchanga mwororo halitoi sauti. Juu ya changarawe husikika kama mtu anayetafuna kachri. Na penye kuta ndefu mwangwi huigeuza sauti, ukadhani baiskeli iko mbele kumbe iko nyuma. Kwa sababu hiyo usivae vipokea sauti masikioni, hata kimoja, na usitegemee masikio peke yake: kila baada ya dakika moja au mbili tazama nyuma. Penye kona tembea ukingo wa nje, mahali ambapo unaona mbali na unaonekana mapema, na usisimame hapo kupiga picha wala kufunga kamba za viatu. Wanaotaka kuswali wakati ukiingia wangoje mahali pa mapumziko, au watandike msala mbali na njia, upande ambao hakuna kona.

Kuna wakati ni uungwana kumpisha mwenye baiskeli hata kama haki ni yako. Anayepanda mlima akisimamishwa katikati, hupata tabu kubwa kuanza tena, na wewe unahitaji hatua moja tu. Mpishe, mradi mahali ni salama. Lakini usijisogeze kwenye ukingo wa genge kwa ajili ya adabu. Penye genge upande mmoja, simama upande wa ukuta, inua mkono, na useme, "Shuka, tafadhali." Mtu mwungwana hushuka, akasukuma baiskeli mpaka mmepishana.

Pia usiingie vichakani ovyo. Katika nchi kavu kifutu, ambaye wengine humwita bafe, hulala kimya kando ya njia na hakimbii anaposikia mtu akija, kwa hiyo tazama kwanza pale unapotaka kuweka mguu. Isitoshe, kila anayekata njia mpya huacha kovu linalochelewa kupona. Katika majangwa ya Utah, Marekani, ambako watembeaji na waendesha baiskeli hutumia njia nyingi pamoja, udongo wa juu una gamba lililo hai, lililojengwa na bakteria, kuvu na mimea midogo, na unyayo mmoja huliharibu kwa miaka mingi. Huko watu hufundishwa kusimama juu ya mwamba au palepale kandokando ya njia wanapopishana.

Wanyama, maji na ajali

Punda milia, twiga na swala watavuka njia wapendavyo. Hapo wote, wenye miguu na wenye baiskeli, wanasimama. Nyati ni jambo jingine: ukimwona, rudini nyuma polepole pamoja, na msimame karibu na wenye baiskeli mkiwakuta, kwa sababu kundi kubwa lililotulia ni salama kuliko watu wanaokimbia. Kwenye Mnara wa Fischer, jabali lenye urefu wa mita 25 lililopewa jina la mvumbuzi Mjerumani Gustav Fischer aliyepita hapo mwaka 1883, kuna pimbi waliozoea watu na nyani wasio na haya. Funga zipu ya mkoba. Hapo ni mahali pazuri pa kuhesabiana, lakini kaeni upande wa mwamba, si barabarani.

Korongoni penyewe jambo la kuogopwa ni maji. Mwezi Aprili mwaka 2012 mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 ndani ya korongo hilo, na mwezi Septemba mwaka 2019 yakaua wengine 7, mwongozaji akiwa mmoja wao. Mvua inayoua si lazima iwe juu ya kichwa chako. Inaweza kunyesha vilimani, mahali usipopaona, maji yakakusanyika na kuja kwa mkupuo huku juu yako mbingu zikiwa na jua. Kwa hiyo ukiona wingu jeusi upande wowote, usishuke. Kama umeshashuka na ukaona maji yaliyokuwa safi yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, yamebeba vijiti, au ukasikia mngurumo, usikimbie kufuata korongo kwenda chini: panda juu mahali pa kwanza panapopandika, uache mkoba na viatu vilivyovuliwa. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mwongozaji akisema turudi, msibishane naye kwa sababu mmesafiri kutoka mbali. Na chemchemi za moto zinazochuruzika ukutani zisijaribiwe kwa kidole, maana zinaunguza kwelikweli.

Mwendesha baiskeli akianguka karibu nanyi, watu wawili waende umbali wa mita 50 hivi, mmoja kila upande, wazuie wengine wanaokuja. Hili husahauliwa, na ajali ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza. Kama analalamika shingo au mgongo, asiinuliwe na kofia ngumu isivuliwe. Mwekeeni kivuli kwa leso, zungumzeni naye, na mpigieni askari wa mbuga kwa namba mliyoichukua langoni. Simu ndani ya korongo mara nyingi haishiki mtandao, kwa hiyo huenda mtu akalazimika kupanda juu ili kupiga. Kidonda cha mchubuko kioshwe kwa maji mengi mpaka changarawe ziishe, kisha kifunikwe kwa kitambaa safi. Kupaka vumbi la kahawa, kama wengine wafanyavyo, huziba uchafu ndani.

Wakati wa kurudi anzeni mapema, kabla ya saa tisa alasiri, kwa sababu waliokodi baiskeli wanatakiwa kuzirudisha na wengi wao huja kwa pamoja, wakishindana na jua. Katika saa hiyo sisi hutazama nyuma mara nyingi zaidi na kumbadilisha mkia, maana yule wa asubuhi ameshachoka na sauti imemkauka kwa vumbi. Mkifika lango la Elsa, asihesabu anayeongoza. Ahesabu mkia, kwa majina, akiwa bado upande wa ndani wa lango.